Kigoda Chini ya Dirisha

Jumatatu, 2 Machi

Mume wangu kaniambia niandike. Anasema kwenye simu namsimulia habari za paka wa jirani mpaka salio linakwisha, ya mtoto hayajafika. Kwa hiyo niandike yote, akirudi kutoka huko kambini wanakojenga barabara asome mwenyewe. Mimi na kalamu hatujuani sana, tuliachana darasa la tano. Lakini haya.

Jambo lenyewe ni kwamba mtoto katoka tena. Nilikuwa kazini kwenye cherehani, yeye miguuni pangu anachezea vipande vya sare za shule. Nikainama kuokota bobini, kuinuka hayupo. Muosha magari wa kando ya mtaro ndiye aliyemtoa majini, maji yamemfika kiunoni, anapiga makofi. Ana miaka mitano, hajasema neno bado, ukimwita hageuki, lakini maji yakichuruzika popote pale anayasikia na anayafuata.

Muosha magari akaniambia, "Mama, huyu mvua zikianza utamkosa." Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nimeamua. Chumba cha nyuma kitakuwa chake. Nataka chumba ambacho hata nikiwa kazini, hamna kitu ndani yake cha kumdhuru.

Jumanne, 3 Machi

Nimetoa makorokoro yote. Ndoo zilizotoboka, tairi, panya mmoja na watoto wake. Chumba kiko chini kuliko ua, unashuka ngazi mbili, na kina dirisha moja, liko juu, linatazama mtaroni. Hilo silipendi. Ila chumba cha mbele mlango wake unatokea barabarani, na chetu hakina hata mlango, kina pazia. Hapa ndipo pa kufaa.

Alhamisi, 5 Machi

Mama mkwe amefika, kaitwa na mwanawe aje akae na mtoto nikiwa kazini. Mama mkwe wangu hana ubaya, ana mdomo tu. Hajaweka mzigo chini anamwita mtoto Chura. "Chura wangu, njoo kwa bibi." Nikamwambia, "Mama, ana jina lake." Akasema, "Hilo la kwenye cheti halisikii. Hili analisikia."

Kweli aligeuka. Lakini mtoto wa watu si chura.

Jumamosi, 7 Machi

Fundi wa kuchomelea, yule wa nyumba ya pili, kaja kupima dirisha. Kaliangalia muda mrefu.

"Mama, nikuwekee nondo za kufunguka? Naweka bawaba na kufuli, ufunguo unakaa nao wewe."

"Choma zote, fundi. Sitaki kitu cha kufunguka."

"Watu huwa wanataka upande mmoja wa kutokea. Ukitokea moto au nini."

"Moto utoke wapi, jiko liko uani."

Akacheka, akachoma zote. Kazi safi. Nimeshika nondo nikaning'inia kwa uzito wangu wote, hazikutikisika hata kidogo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekata miguu ya kitanda kwa msumeno wa kuazima ili akianguka asiumie. Mama mkwe kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Sasa hicho kitanda au sinia?"

Nimezungushia sponji kwenye kona, nikazishonea vitambaa vya sare vilivyobaki. Soketi nimeigongelea ubao. Kabati nimelitoa nje maana angeweza kulipanda, au likamwangukia. Nguo zake ziko kwenye mfuko, nimeutundika juu. Kwa fundi makochi nimepata vipande vya sponji nikavitandaza sakafu nzima. Ukitembea humo ni kama unatembea juu ya mikate.

Nimelala chali katikati ya chumba nikaangalia kila upande kama mtoto. Hamna cha kupandia. Hamna chenye ncha. Nilijisikia vizuri, sina uongo.

Jumatano, 11 Machi

Leo mlango. Seremala aliniuzia wa nyumba iliyobomolewa, mbao nzito, watu wawili kuubeba. Unafungukia ndani. Komeo nimeliweka kwa nje, juu kabisa, mimi mwenyewe nalifikia kwa kunyoosha mkono.

Mama mkwe alingoja tumalize kula. Ndipo akasema, "Mke wa mwanangu, komeo la nje huwekwa kwenye banda la kuku."

"Na jela pia, Mama. Na walioko jela hawazami mtaroni."

Nilidhani nimemweza. Kumbe nimempa neno la kunitania.

Ijumaa, 13 Machi

Nimemfungia mtoto kwa mara ya kwanza, nione. Hakulia. Aligonga mlango kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayetwanga. Mlangoni sikuwa nimeweka sponji.

Mama mkwe akachukua kigoda chake cha kukalia jikoni akaja nacho. "Fungua. Ukimfungia yeye nifungie na mimi." Kaingia, kakaa na kigoda chake katikati ya zile sponji, mtoto kanyamaza. Nikarudisha komeo kidogo tu, kwa kujaribu. Baada ya muda nikasikia, "Askari jela, nifungulie, bibi ana haja ndogo."

Nilicheka. Nilikuwa sitaki kucheka.

Jumapili, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Imepiga bati tangu alfajiri.

Nimeingia chumbani nikamkuta mtoto kasimama juu ya kigoda chini ya dirisha, mikono yote kaitoa nje kati ya nondo, anakinga matone. Anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ndefu, inapanda na kushuka. Mama mkwe kamshika kiuno kwa nyuma, kafumba macho, anaisikiliza.

Nimekitoa kigoda. Chumba nimekitengeneza kisiwe na cha kupandia, halafu yeye analeta cha kupandia, tena cha kumwonyesha ule mtaro.

Jumanne, 17 Machi

Kigoda kimerudi.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekitoa. Mvua.

Ijumaa, 20 Machi

Kimerudi.

Jumamosi, 21 Machi

Leo tumesemana. Nimemwambia, "Mama, ataanguka avunjike. Na kila akiyaona hayo maji ndiyo anayataka zaidi."

Akaniambia, "Huyu hana mdomo, ana macho. Unataka kuyafunga na macho?"

"Nataka awe hai."

"Na mimi nataka nini, awe maiti?"

Mtoto alikuwa katikati yetu anavua kiatu changu.

Jumanne, 24 Machi

Leo nilitaka kuzimia. Nilimwacha na bibi yake chumbani, komeo sikulisukuma kwa kuwa mtu mzima yuko ndani. Mtu mzima akasinzia. Mama Pacha, jirani yangu wa uani, alikuwa anaanua nguo, akamwona mtoto anakatiza getini bila hata nguo, anakwenda mtaroni kama mtu aliyeitwa. Akaacha nguo na pacha wake, akamkimbilia. Nimepewa habari nikiwa kazini, nimerudi mbio na sindano mdomoni.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, wewe umeitwa kulinda au kulala?" Nilisema hivyo, kwa mama aliyemzaa mume wangu. Alikuwa anampangusa mtoto miguu kwa kanga yake.

Tumekubaliana kwamba komeo litafungwa hata akiwa yeye ndani. Akitaka kutoka apige mlango, Mama Pacha atakuja kumfungulia. Mimi nitakuja mchana. Yeye ndiye aliyesema, "Funga. Sijiamini tena." Sikufurahi kama nilivyotegemea.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Mlango umeanza kubana.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Mlango umevimba upande wa chini, lazima uusukume kwa bega. Seremala anasema hauwezi kupigwa randa sasa, mbao zimeshiba maji, ukiupunguza leo jua likiwaka utabaki na mwanya wa kupita kuku. Nisubiri mvua zikatike. Sawa, acha ubane. Mlango unaobana mtoto hauwezi.

Jumamosi, 4 Aprili

Sponji za sakafuni zinanuka. Nimezianika barazani, hazikukauka, nimezirudisha hivyo hivyo.

Jumatano, 8 Aprili

Nimetoka kazini mapema. Kabla sijafungua nikasikia mama mkwe anaongea mle ndani, nikasimama kusikiliza. Alikuwa anamsimulia mtoto juu ya mume wangu alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa anaogopa kuoga mpaka akimbizwe, sabuni ikiwa bado mgongoni. "Baba yako paka, wewe chura, mama yako askari. Nyumba gani hii." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini askari wako anakupenda, eh. Halali huyo. Namsikia anavyogeuka geuka."

Nimepiga teke mlango ukafunguka. Mtoto alikuwa kaweka kiganja juu ya mdomo wa bibi yake, anasikia maneno kwa mkono. Kigoda kilikuwa chini ya dirisha. Leo sikukitoa.

Jumanne, 14 Aprili

Kaanguka kutoka kwenye kigoda. Kapasuka mdomo wa chini, damu kwenye shingo, kwenye gauni, kwenye sponji. Mama mkwe analia kuliko mtoto. Nilisema. Nilisema kwamba ataanguka.

Kigoda nimekificha chini ya kitanda changu.

Alhamisi, 16 Aprili

Kimerudi. Sijui alikionaje. Mvua haijakata tangu juzi.

Jumatatu, 20 Aprili

Maji ya mtaro yamefika usawa wa barabara. Yana rangi ya chai, yanabeba matawi, chupa, leo kuku mzima. Muosha magari kahamisha vifaa vyake. Mtoto hataki kutoka dirishani, hata kula anakulia pale. Nikamshusha akaning'ata.

Kesho hicho kigoda naondoka nacho. Nitakiweka chini ya cherehani niwekee miguu. Tuone kitarudije.

Alhamisi, 23 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, mtoto kalala mapajani.

Jumanne nilikwenda kazini na kigoda kwapani. Mama mkwe aliniona nikiondoka nacho. Kaingia chumbani na mtoto, kakaa kwenye kile kitanda cha chini, magoti yamemfika kidevuni, akasema, "Haya askari, funga." Nikavuta mlango kwa mikono miwili, nikasukuma komeo.

Mchana mvua ilikuwa nzito, tajiri wetu akasema tusitoke, tusubiri ipungue. Nikasubiri. Nilikuwa nimeweka miguu juu ya kigoda, nashona mifuko ya mashati, nawaza kwamba leo angalau hayuko dirishani.

Ndipo kijana wa duka la jirani akaingia amelowa, akasema ukuta wa mtaro umebomoka kule kwetu.

Nilikimbia. Pale kwenye kona maji yalinifika magotini, getini kiunoni. Uani vitu vinaelea, sufuria, viatu, mlango wa choo. Mama Pacha kasimama juu ya meza barazani na pacha wake wote wawili, anapiga kelele hana sauti tena. Akaniambia, "Nimelifungua. Komeo nimelifungua. Mlango hautaki."

Komeo lilikuwa wazi kweli. Niliusukuma kwa bega, ukasogea upana wa kidole ukarudi. Mbao zilikuwa zimevimba. Na nyuma yake kulikuwa na kitu kizito laini kinachousukuma kuja kwangu. Zilikuwa sponji. Sponji zote nilizotandaza zilielea zikaja kujazana mlangoni, na godoro juu yake.

Nikaita, "Mama."

Akajibu toka ndani, "Tupo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa kama wali umeiva. "Tupo, mwanangu. Harakisha kidogo."

Hakuwahi kuniita mwanangu.

Fundi wa kuchomelea alikuja na nyundo kubwa na mtaimbo, na muosha magari nyuma yake. Fundi akazunguka kwanza dirishani, nikamsikia anagonga zile nondo, anagonga, halafu kimya. Akarudi. Hakuniangalia. Akasema, "Huku hakuna njia. Tubomoe ukuta pembeni ya fremu." Wakapiga. Kila wakipiga nilikuwa naita, na yeye ananijibu, "Tupo." Baadaye akawa hajibu, ila nilisikia ile sauti ya mtoto, ile ndefu ya kupanda na kushuka.

Tofali zilipoanguka nikapenya kabla ya wanaume.

Maji yalikuwa yamemfika mama mkwe kidevuni. Kasimama chini ya dirisha, juu ya kile kitanda nilichokikata miguu, kifua kakiegemeza ukutani. Mtoto alikuwa juu ya mabega yake, miguu huku na huku, kashika nondo kwa mikono miwili, kichwa kimefika sehemu ya juu ya dirisha ambako kulikuwa na hewa na mwanga. Anatazama nje. Anaimba. Hakuwa amelowa kupita kiuno.

Mama mkwe alikuwa kashika vifundo vya miguu ya mtoto, na vidole vilikuwa vimekakamaa, ilibidi muosha magari avifungue kimoja kimoja. Alipoachia tu akazama. Tukamwinua.

Tulipomlaza juu ya meza kwa Mama Pacha alifumbua macho akanitafuta. "Askari jela," akasema, "leo umechelewa."

Jumapili, 26 Aprili

Kifua. Daktari anasema amekunywa maji machafu yakaingia kwenye mapafu, na baridi. Wamemwekea mpira wa hewa puani. Mtoto hana hata mafua.

Nimemwambia mama mkwe, "Mama, nisamehe."

Akaniuliza, "Kigoda kiko wapi?"

"Kazini, Mama. Chini ya cherehani."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nesi akaja kunifukuza. Kwa mbali nikamsikia anasema, "Kwa hiyo hata kigoda kimepata ajira kuliko mimi."

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Leo hajaongea.

Alhamisi, 30 Aprili

Mama mkwe amefariki asubuhi, nikiwa nimetoka kumnunulia maji ya kunywa.

Jumapili, 10 Mei

Mume wangu alikuja kuzika. Tulipobaki wawili akaulizia daftari. Nikampa. Akalisoma barazani, mpaka mwisho, akarudi nyuma akasoma tena sehemu fulani, sijui ipi. Sikuthubutu kusimama karibu.

Alipomaliza akalifunga daftari. Aliingia ndani akatoka na bisibisi, akaling'oa lile komeo, akalitia mfukoni. Nadhani ameondoka nalo kambini. Nilitaka anipige kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele.

Mlangoni alisema tu, "Endelea kuandika."

Jumatano, 20 Mei

Sina cha kuandika.

Alhamisi, 28 Mei

Mvua zimekuwa za rasharasha. Fundi wa kuchomelea kaja mwenyewe, bila kuitwa, akakata zile nondo akaziwekea bawaba. Nilimwambia, "Fundi, uliniambia." Akasema, "Nilisema, halafu nikachoma. Mkono ulikuwa wangu." Hakutaka malipo wala chai.

Jumapili, 7 Juni

Mvua zimekatika. Ukuta wa mtaro wameujenga upya, wameuongeza kimo. Seremala kaupiga mlango randa, sasa unafunguka kwa kidole na unafungukia nje. Pale palipokuwa na komeo kuna matundu ya skrubu, sikuyaziba. Kitanda nimekirudishia miguu. Kabati limerudi, nimelifunga ukutani kwa vyuma. Sponji nilizichoma zote. Kazi nimehamishia nyumbani, tajiri kaniruhusu nije na cherehani, naliweka kizingitini mwa chumba chake. Akitaka kutoka atapita juu ya miguu yangu.

Lakini hatoki. Tangu siku ile haendi mtaroni. Nikimwaga maji uani hageuki. Ile sauti hajaitoa tena.

Leo nimekirudisha kigoda. Nimekifuta vizuri, nikakiweka chini ya dirisha palepale mama mkwe alipokuwa anakiweka. Nikamwambia, "Panda mwanangu, uone nje." Akakitazama. Akakisukuma kwa mguu mpaka kikagonga kabati. Halafu akaenda akasimama pale penyewe, kaelekea ukuta, akainua mikono yote miwili juu, akangoja.

Nikasema, "Njoo nikubebe." Hakuja. Mikono iko juu, anatazama ukuta, anangoja. Alingoja mpaka mikono ikaanza kumtetemeka na hakuishusha.

Nikaelewa.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, uso ukutani, nikainamisha kichwa. "Haya Chura," nikamwambia. Akapanda, mguu huku na mguu huku. Nikamshika vifundo, nikainuka polepole, kifua nimekiegemeza ukutani kama alivyoegemea mama mkwe. Akashika nondo, akatazama nje. Nje hamna kitu, mtaro umekauka, ni matope na chupa.

Tumekaa hivyo. Baada ya muda mfupi tu mabega yangu yakaanza kuwaka, magoti yakaanza kucheza, na mimi bado kijana, na nimesimama pakavu.

Mtoto ni mzito. Nimemzaa mimi, nimembeba kila siku, na sikujua kwamba ni mzito hivi.